Jina Lililobaki Kwenye Sweta

Harufu ya sufu inayopigwa pasi ya moto hunirudisha mtaa wa Bertrams hata nikiwa katikati ya shughuli zangu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na chumba tulichopanga huko kilinuka sufu, mafuta ya mashine na jiko la mafuta ya taa tulilowasha ili tusigande. Baridi ya Johannesburg haina mvua. Ni kavu, hupasua midomo na kufanya vidole visishike penseli, na jua linawaka tu juu kama pambo. Dirisha letu lilitazama barabara, na siku za mechi kelele za uwanja wa jirani zilipanda ghafla, nami nikaruka kutoka nilipokaa, nikidhani watu wamekuja. Nilikuwa na miaka tisa, na majira yale ya baridi watu walikuwa wakija kweli, mtaa huu na mtaa ule, wakiuliza nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Wageni tulikuwa na jina letu barabarani, makwerekwere, na nilijifunza kulisikia kutoka mbali. Niliogopa kutwa nzima, nikala kwa woga na kusoma kwa woga, na mama akasema nimekuwa kama paka wa jirani, yule aliyewahi kumwagiwa maji ya moto.

Lakini woga mkubwa wa nyumba yetu haukuwa wa watu wa barabarani. Ulikuwa woga wa jina. Sisi ni Warundi, na kwetu kila mtu huzaliwa akapewa jina lake mwenyewe, kufuatana na yaliyompata mama yake au yale ambayo baba alimwomba Mungu. Baba aliitwa Bigirimana, mama Ndayizeye, kaka yangu Ndikumana, nami Keza. Nyumba moja, majina manne, na huko kwetu kilimani hakuna aliyeuliza maswali kwa sababu kila mtu alijua mtoto ni wa nani. Tulipofika Afrika Kusini, karani wa ofisi ya makaratasi alimuuliza baba jina la ukoo. Baba hakuwa nalo. Alifikiri anaulizwa jina la baba yake, akalitaja kwa heshima zote, akisimama wima: Boisrobin. Karani akaliandika, akatuandika sote wanne chini yake, na tangu siku ile tukawa familia yenye jina la Kifaransa ambalo bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuweza kulitamka. Yeye alimwita mumewe Bwarobani mpaka wakazikana.

Jina lenyewe babu alilipata kisimani mwa ubatizo. Mzazi wa ubatizo aliyepangwa aliugua homa asubuhi ileile, na padre akamshika mkono Mfaransa mmoja, fundi mwashi aliyekuwa akijenga kanisa la parokia, akamwambia ambebe mtoto. Yule Mfaransa alimbeba, akatoa shati lake moja kuwa zawadi, na wazazi wa babu wakaona si adabu kupokea shati bila kupokea na jina. Paa la kanisa lilipokamilika akaenda zake, asionekane tena. Hiyo ndiyo asili yote ya ukoo wetu mtukufu, shati moja na homa ya mtu mwingine. Baba alipotusimulia tulicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa amesikia, kwa Warundi wenzetu kanisani, habari za familia ambayo watoto walitengwa na wazazi kwa sababu majina ya makaratasi hayakueleweka. Sijui kama ilikuwa kweli. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mama aliishi akingoja lije. “Nguo ya kuazima haisitiri matako,” alikuwa akimwambia baba. “Siku moja mwenyewe atakuja kuivua.”

Baba hakusikia la mtu. Alilipenda lile jina kama mtu anavyopenda kofia mpya. Alilidarizi kwa uzi mwekundu ndani ya kola za masweta yetu ya shule, ndani ya makoti, hata kwenye mfuko wangu wa kanisani. Pale Newtown, alipokuwa na meza yake sokoni, aliandika kwenye ubao kwa herufi kubwa: FUNDI BOISROBIN. Na ubao ule ndio uliotuletea yule mtu.

Baba alikuwa amekwenda kununua uzi, akamwachia meza Mama Bijou, Mkongomani aliyeuza vitenge karibu naye. Jioni Mama Bijou alifuatana naye hadi nyumbani ili atueleze mwenyewe, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha habari isimuliwe na mwingine. “Eh, Papa Ndiku, kuna muzee moja alifika pale,” alisema akiwa bado mlangoni, akimwita baba kwa jina la kaka yangu. “Alivaa kosti na kravati. Alisimama mbele ya ule ubao, akaangalia, akaangalia, mupaka mimi nikaogopa. Akauliza, huyu Boisrobin ni nani? Akasema ile ni jina yake yeye.” Mama aliuliza kama alikuwa mzungu. Mama Bijou akafikiri. “Muzungu hapana, mweusi hapana. Eish, mimi sijue. Lakini ni mutu ya hapa, anaongea kama watu ya ofisi.” Mama akauliza amemwambia nini. Mama Bijou akatazama sakafu, kisha akakiri kwamba alimwelekeza nyumba yetu. Yeye aliona ni adabu. Mtu akiuliza ndugu yake anakaa wapi, unamficha? Alisema yule mzee atakuja Jumapili baada ya ibada.

Siku zilizofuata sikumbuki kama nilikula. Kila aliyevaa tai barabarani nilimwona ni yeye. Shuleni mwalimu alipoita majina nilijibu kwa sauti ndogo hata akaniandika sikuja. Usiku nilimsikia mama akimuuliza baba tutakwenda wapi tukinyang’anywa makaratasi, na baba, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu duniani, akainuka akaanza kupaka mafuta mashine isiyohitaji mafuta. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilizoea kuwa na baba mwenye kelele.

Jumamosi mama alikusanya kila nguo yenye jina, akaimwaga kitandani, akatugawia nyembe. Tulifumua. Ndikumana alifumua koti lake huku akilia kwa hasira, maana alikuwa mkubwa na hakutaka tumwone akilia. Mimi nilifumua sweta langu la shule, uzi mwekundu ukitoka vipande vipande, na nikaukusanya mkononi bila kujua nitautupa wapi. Baba alitutazama kutoka kwenye cherehani yake. Hakutuzuia. Alikwenda Newtown akarudi na ule ubao chini ya kwapa, akauficha nyuma ya kabati. Mama akapiga pasi zile kola ili zisionekane zimeguswa, na ile harufu ya sufu ikajaa chumba kizima, ndiyo harufu ninayoisema.

Jumapili gari dogo la kijivu liliegeshwa mbele ya nyumba, na mtu aliyekuwa ndani hakushuka. Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Nilimwona amevaa suti, mikono yote miwili kwenye usukani ingawa gari limezimwa, akitazama mlango wetu. Nilimwita baba. Tulisimama sote wanne nyuma ya pazia lile kama watu wanaojikinga mvua chini ya jani moja. Mama alisema anasubiri polisi. Ndikumana alisema anatuchunguza kwanza. Muda ukapita, chai iliyotengwa ikapoa, na yule mtu bado yumo garini. Kisha akashuka, akavuta koti lake likae sawa, akagonga.

Alikuwa mzee mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, wa wale ambao nchi hii huwaita Makaladi, watu wa damu mchanganyiko. Alisema jina lake, na lilikuwa lile, Boisrobin, ila alilitamka tofauti na sisi, kwa Kiafrikana. Baba akamkaribisha kiti kizuri. Mama akamletea Fanta ya chungwa, kwa sababu kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajanywa, hata kama amekuja kukuua. Tulimtazama akinywa. Alikunywa taratibu mno, nami nilitamani amalize na nikaomba asimalize. Glasi ilipofika chini, baba akasimama, akaniita kwa kidole. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia nguo tu, na katika nyumba yetu mkalimani nilikuwa mimi.

“Mwambie hivi,” baba alisema. “Mwambie, mzee, jina hili si letu. Tulilikuta. Baba yangu alipewa na mtu aliyepita njia. Mimi nililitaja ofisini kwa kutojua, sikukusudia kuiba. Kama ni lake, alichukue. Ila tunamwomba kitu kimoja tu. Asiwatenganishe watoto na mama yao.”

Nilisimama katikati ya chumba, nikayageuza maneno yale ya baba yangu kuwa Kiingereza. Nilipofika kwenye watoto, neno la Kiingereza lilinipotea, nikaanza upya. Sijawahi tena kusema maneno mazito kama yale kwa mtu yeyote. Nilipomaliza nilitazama viatu vya yule mzee, kwa kuwa uso wake nilishindwa.

Aliweka glasi sakafuni. Kisha akaniambia niwaambie wazazi wangu kwamba amekaa garini muda wote ule kwa sababu alituogopa. Nilidhani nimemwelewa vibaya, nikamuuliza tena, akarudia. Alikuwa amelitafuta jina lake tangu ujana, katika vitabu vya simu vya miji yote, kwenye makaburi ya Rasi ya huko kusini, na nje ya nyumba yake ya Turffontein hakulikuta popote. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa katika shamba la mizabibu, na jina lilikuwa la mwenye shamba, mtu ambaye wazee wake walikimbia Ufaransa kwa ajili ya dini. Wenye shamba walizaa mabinti, jina lao likaishia hapo. Likabaki kwa watumwa, nao wakazaa mabinti, na sasa limebaki kwake, mjane asiye na mtoto. Siku alipouona ule ubao Newtown alifikiri wenyewe wamerudi. Alifikiri atakuta Wafaransa ndani ya nyumba hii, nao watamuuliza yeye jina lao amelitoa wapi.

Nilitafsiri hayo yote, na baba akaketi. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Mama ndiye aliyesema kwanza, kwa Kirundi, halafu akarudia kwa Kiswahili, lugha tuliyoizoea sisi watoto, “Kumbe jina lenyewe lilifika nchi hii likikimbia.” Akaanza kucheka na kulia pamoja, nasi tukamfuata, na mzee akacheka bila kuambiwa kwa nini. Aliniita karibu, akaona kola ya sweta langu. Mama alikuwa amelifua, amelipiga pasi, lakini mashimo ya sindano hayakuwa yamefunga. Yule mzee aliinamisha kichwa, akasoma herufi moja moja kwa kidole, mpaka mwisho. Halafu akavua koti lake la suti, akampa baba, akauliza kama angeweza kumwandikia pia. Hakuna mtu aliyewahi kumdarizia jina. Baba alikwenda kwenye cherehani akatumia uzi uleule mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Mama Bijou asimame mlangoni, nilimsikia akiimba.

Tulimwita Oom, kama watoto wa huku wanavyowaita wazee wao. Alikuja Jumapili nyingi, akajifunza kula ndagala, dagaa wa kwetu, na kuzilaumu kwa chumvi. Alipofariki tulikaa benchi la mbele, na waombolezaji walinyoosha shingo kutazama familia ya Warundi yenye jina la marehemu. Koti lile alizikwa nalo. Leo ukilitafuta jina letu nchi hii utatukuta sisi, baba na cherehani yake, Ndikumana na wanawe huko Durban, nami na binti yangu hapa. Nafanya kazi katika duka la dawa, makaratasi yangu ni halali, na mume wangu, Mrundi pia, alikubali mtoto wetu aandikwe jina hilo, kwa maana ugomvi wa majina ya ukoo hakufundishwa kwao. Ungedhani woga umekwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na mimi polisi akisoma kitambulisho changu kwenye robot, taa za barabarani, na kukunja uso, bado naisikia ile sufu.

Majira haya ya baridi watu wanapita tena mitaani wakiuliza nani ni wa hapa. Juzi binti yangu alirudi kutoka shule akaniletea sweta lake, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili cha nyumbani anakisikia tu, hakisemi, niliondoe lile jina ndani ya kola. Wenzake wamemuuliza ni jina la wapi na hakujua la kuwajibu. Nilichukua wembe. Nilikaa nao mkononi, sweta mapajani, nikiutazama uzi mwekundu ambao baba, mzee sasa, aliudarizi mwenyewe. Nikaanza kumsimulia habari za gari dogo la kijivu lililosimama mbele ya nyumba yetu, na mzee aliyekuwamo ndani akituogopa, nasi nyuma ya pazia tukimwogopa yeye. Alisikiliza mdomo wazi.

“Halafu akashuka?” aliniuliza, na aliniuliza kwa Kiswahili.

“Akashuka,” nikamwambia, nikauweka wembe chini.