Aliyeniitikia Labeka

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Dunda, mjini Bagamoyo, kumwaga maji ya moto bila kupiga bismillahi lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Sahani hununuliwa nyingine. Maji ya moto yaweza kumwangukia jini aliyejikalia zake, na majini, tuliambiwa, hawasahau.

Siku moja, magharibi inakaribia, nilipewa sufuria ya maji yaliyochemshiwa muhogo nikayamwage uani, kwenye karo la kuoshea vyombo. Sufuria ikaniunguza vidole, nikayabwaga yote kimyakimya. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa amekaa hapo akisuka ukili. Akatikisa kichwa.

"Umeshamuunguza mtoto wa watu," alisema. "Atakungoja hapo hapo."

Maneno yale yaliniganda. Choo kilikuwa uani, ng'ambo ya karo, na sikuthubutu tena kupita peke yangu. Nilijibana kutwa, nikaanza kukojoa kitandani, mimi niliyekuwa nimeacha zamani. Mjomba akaniita kikojozi mbele ya wenzangu wa madrasa. Nilikuwa karibu kuanza shule, na niliona wazi kuwa jina hilo litanitangulia darasani.

Bibi yangu, mama yake mama, alimjibu mjomba kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, akamwambia atafute kazi ya kufanya. Kisha akaniuliza naogopa nini hasa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia namwogopa yule mtoto niliyemuunguza.

Bibi hangeweza kuniambia majini hawapo, maana mwenyewe aliwaamini kweli kweli.

"Mtoto ana mama," akasema. "Na mama anajua mtoto wa mwenziwe hakukusudia. Twende tukawaombe radhi."

Tulikwenda baada ya alasiri, na kata ya maji baridi. Kwenye mlango wa uani akasimama, akanikabidhi kata.

"Kuogopa unaogopa, nakuona. Lakini miguu yako inakwenda. Mimi nipo hapa, ukiniita nitaitika."

Nilipofika katikati nikasimama. Nikamwita.

"Labeka," akaitika.

Asiyetoka kwetu huenda asione kitu hapo. Labeka ni jibu la mdogo kwa mkubwa. Mtoto aliyeitwa akajibu "nini" alikula kofi. Na bibi, ambaye nusu ya mtaa ilimwamkia shikamoo, aliniitikia labeka mimi, kikojozi. Nilijiona nimerefuka. Nikapiga bismillahi, nikamwaga maji, nikaomba radhi, nikaenda chooni huku nikimwita, naye akiitika kila mara, hata nilipokuwa namwita kwa kumchezea tu.

Haikuwa siku hiyo hiyo, lakini godoro lilikauka, na shule nikaianza kwa jina langu. Bi Tatu alisema ni ile radhi. Mimi simkatalii, ila naamini ilikuwa zaidi ile sauti mlangoni, iliyonipa heshima nikiwa bado naogopa.

Leo mjukuu wangu hana habari na majini. Yeye huogopa giza umeme unapokatika, na wazazi wake humwambia ameshakuwa mkubwa, aache. Sibishani nao. Nakaa sebuleni, namngoja aniite kutoka chumbani. Akiniita namwitikia labeka, kisha natega sikio mpaka nisikie miguu yake ikianza kuja.