Riale Iliyotoka Shambani Kinyerezi

Sikusimuliwa hili na mtu, wala sikuliota, ingawa kila nikilikumbuka hunijia kama ndoto ya mchana. Mie mwenyewe nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda changu Temeke, na riale yenyewe ilikuwa mkononi mwangu. Usiponiamini sitakulaumu. Nisikilize tu.

Nilikuwa sonara. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, na miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nikifanyia barazani, mbele ya nyumba tuliyopanga mimi na mke wangu. Dhahabu ilikuwa imeadimika, kwa hiyo watu waliniletea fedha za bibi zao, vikuku vilivyovunjika, mikufu, riale zile sarafu za zamani, niyeyushe niwatengenezee kitu kipya.

Ile riale aliileta jirani yetu, Bwana Chilumba, mchonga vinyago aliyetoka Newala. Alikuwa amepata shamba huko Kinyerezi, enzi hizo pori tupu, na alipokuwa akipiga matuta ya muhogo jembe lake likaiibua. Mkewe, Somoe, alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kungoja sana mpaka watu wakaanza kusema. Chilumba akataka nimfulie mtoto kikuku kabla hajazaliwa. Akaniachia riale, akaenda zake akichekacheka peke yake.

Nikaanza kuisugua kwa ukwaju na majivu. Unajua riale hizo, zina sura ya mwanamke mnene mwenye nywele za kusukwa. Nilipofika nusu ya uso wake nikasita, nikachukua kioo cha kukuzia. Baba alinizoesha kukisoma kitu kabla ya kukitia motoni.

Juu ya kichwa palikuwa na tundu, limekwenda upande, kingo zake zimechanika. Ukingo mmoja ulikuwa umekwanguliwa mpaka ukawa bapa, nami nikajisemea, hapa pamepita mwizi wa kukwangua fedha. Upande wa nyuma ulikuwa umelika, laini kama kokoto ya mtoni, lakini uso ulikuwa bado na makali yake. Kwa nini ilike upande mmoja tu? Halafu kwenye ile nusu ambayo sikuifikia, juu ya weusi, palikuwa na vistari vyembamba vilivyokatizana, vingi, kama wavu. Nikadhani ni athari ya moto. Nikaendelea kusugua.

Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya sukari duka la ushirika, redio ya jirani ikiimba chini chini, na joto la makaa likinipanda miguuni. Macho yalikuwa mazito, sikatai. Lakini sikulala, wallahi. Mtu aliyelala husugua fedha?

Nilipoinua uso, mwanamke alikuwa ameketi mbele yangu juu ya jamvi. Amejifunga kaniki, nguo ambayo mjini watu walikwisha kuiacha. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, naona nini.

Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja. Nikamwambia imetobolewa na mtu asiyejua kazi, halafu mwizi akaikwangua.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema tundu lile alilitoboa mumewe kwa msumari, ili iwe hirizi ya kuvaliwa, na lilikwenda upande kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka, mtoto wao amelala na degedege. Ukingo aliukwangua yeye mwenyewe juu ya jiwe, ungaunga wa fedha akautia kwenye maji ya kumwogeshea. Na upande wa nyuma ulilika kifuani mwa mtoto, maana alipona, akaivaa, akakimbia nayo, akalala nayo, mpaka homa iliporudi tena. Hapo hawakuwa na moyo wa kumvua. Haya yote aliyasema bila kuitazama riale. Alikuwa akikitazama kidole changu gumba.

"Na hivi vistari?" nikamuuliza.

"Hizo ni nyuzi za sanda yake, mwanangu. Umeshamvua nusu."

Mkono wangu ukasimama. Nikataka kumuuliza anataka nifanye nini, lakini kabla sijasema akanijibu kama aliyenisikia.

"Mfunike."

Kaa likapasuka kwenye jiko langu, nikageuka. Nilipomtazama tena palikuwa na manyunyu tu, na jamvi limebonyea pale alipokuwa ameketi. Mke wangu akaingia muda huohuo kwa njia ile moja tu ya kufikia baraza yetu. Hakupishana na mtu.

Nilikwenda kwa Chilumba jioni ile. Hakutaka kusikia, akasema moshi wa makaa umenilevya, nimrudishie riale yake apeleke kwa sonara mwingine. Somoe alikuwa ameegemea ukuta, ameshika tumbo. Akasema taratibu, "Mwanangu hatavalishwa alichozikwa nacho mwenziwe." Chilumba akaniambia basi, kesho twende shambani.

Kesho yake tulikwenda Kinyerezi sote, na shehe wa mtaani kwetu. Pale kwenye tuta ilipoibuliwa riale nikachimba kwa vidole, si kwa jembe, nikagusa kifupa chembamba kama kijiti. Sikuendelea. Niliizungushia riale kitambaa cheupe, nikailaza hapo, shehe akaomba dua, tukarudisha udongo. Chilumba alilia pale, mtu mzima, nasi tukamwacha alie. Ile pembe ya shamba hakuilima tena maishani mwake.

Somoe alijifungua salama mtoto wa kike, na leo ana watoto wake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyebaki na alama. Kidole gumba nilichosugulia hakijui moto wala barafu tangu siku ile. Hospitali walikichoma sindano, wakatazamana, wakaniruhusu niende nyumbani. Usonara niliuacha, kwani fedha hujulikana kwa kuguswa. Nikimshika mjukuu wangu shavuni, vidole vinne vinajua kuwa ni mtoto. Gumba halijui.

Kwa hiyo nawe, ukiokota sarafu ya zamani yenye tundu, usikimbilie kuing'arisha. Jiulize kwanza ilikuwa imelala na nani.