Mwanamke wa Gerezani Anayewafundisha Wakorea Kuamkia

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Celina Lyimo amekaa juu ya kreti la soda ndani ya kibanda umiza chake cha kuoneshea filamu, mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam, anatafuna tangawizi mbichi. Nje mafundi wanagonga bodi za magari. Ndani, chini ya mabati, watu wapata hamsini wamejibana kwenye mabenchi, macho kwenye televisheni moja.

“Leo hakuna mateke,” anawatangazia kwenye maiki aliyoifunga kitambaa. “Filamu ya Kikorea, ya mambo ya nyumbani. Anayetaka mateke aende barabarani akagombane na trafiki.”

Wanacheka. Wamemzoea. Kwa miaka kumi na tisa Celina, mwenye umri wa miaka 46, amekuwa akiwatafsiria filamu za nje, papo hapo, kwa sauti zake zote: ya jambazi, ya mama mkwe, ya polisi aliyepokea kitu kidogo.

Leo kuna wageni. Benchi la nyuma wamekaa watu watatu wenye madaftari.

Watu hao ni wajumbe wa kamati ya tamasha la sinema mpya za Asia linaloanza wiki ijayo jijini. Filamu ni saba: za Korea, Japani, India, Irani, Vietnam, Ufilipino na Indonesia. Zote zina maandishi chini ya picha, na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Naam. Umetoka Asia, umefika Dar es Salaam, umempita Mswahili mlangoni, umekwenda kumsalimia Mwingereza ambaye hayupo.

Aliyeliona hilo ni mratibu wa tamasha, Vidhi, binti wa miaka 29, mzaliwa wa Kisutu. Alipita Gerezani kutafuta kifaa cha gari lake, akasikia sauti ya mwanamke akigombana na wanaume wanne. Alipochungulia, akakuta wote watano ni mtu mmoja.

“Nilisahau hadi kilichonipeleka,” anasema Vidhi. “Nikarudi ofisini bila kifaa, nikawaambia, huyu mama tunamhitaji.”

Kamati ikakubali kwa shingo upande. Celina angejaribiwa kibandani mwake kwa filamu moja, ile ya kufungia tamasha, itakayooneshwa bure viwanja vya Mnazi Mmoja. Akipita, atasikika pale. Akishindwa, Kiingereza kinabaki.

Masharti yaliandikwa matatu, lakini ukiyasoma vizuri yote ni moja: soma Kiswahili kilichotafsiriwa na wataalamu wetu, usiongeze neno.

“Nilijiambia, Celina, hii ukiikosa utakufa na kibanda chako,” anasema.

Anajua anachosema. Kiingilio ni shilingi 500. Zamani siku nzuri ilimpa shilingi 40,000. Siku hizi, kila mtu na simu yake, akipata 12,000 kabla ya kununua umeme anashukuru.

Alishuka Dar kutoka Rombo mwaka 1999, kuuza khanga katika duka la jumla la mjomba wake Kariakoo. Shule aliishia kidato cha pili. Mchana, wateja wakipungua, aliwasimulia wauzaji wenzake filamu aliyoiona Jumapili, na mjomba akagundua kwamba duka linajaa watu wasionunua. Akamfukuza. Kiingereza amejifunza kwenye maandishi ya chini ya picha, mengine kwenye nyuso za waigizaji.

“Nyumbani haongei,” analalamika mumewe Wilbert, karani wa wakala wa forodha bandarini. “Sauti yote anaimalizia Gerezani. Mimi naletewa ishara za mikono.”

Tukumbushane, maana mji huu husahau haraka. Ulikuwa na majumba ya sinema. Jumapili familia za Kihindi zilijipanga zimependeza, na vijana wa Kariakoo walisubiri viti vya bei ya chini, mbele kabisa, pale shingo inapouma. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Mengine yakawa maghala, mengine maduka, na hakuna aliyeitisha kikao kuwauliza wenye shingo. Sinema ikakimbilia kwenye mabati, kwa watu kama Celina. Halafu wale wale waliokalia viti vya juu wakaanza kuviita vibanda hivi kero.

Mmoja wa waliokuwa wakipanga foleni hizo yupo leo kibandani. Ni Sudha, bibi yake Vidhi, mwenye miaka 78, amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

“Shikamoo, mama,” Celina alimwamkia alipoingia.

“Marahaba. Usinidanganye kwenye filamu. Mimi natazama tangu hujazaliwa.”

Filamu inaanza. Fundi wa magari, mzee aliyefiwa na mkewe, ameinamia injini. Binti yake aliyetoroka nyumbani miaka saba iliyopita anasimama mlangoni mwa gereji na begi. Anainama, kichwa chini, kwa muda mrefu. Anasema neno moja. Baba hageuki.

Celina anasoma kilichoandikwa: “Habari, baba.”

Kibanda kinalipuka.

“Habari?” Ni Ignasi, fundi wa gereji ya jirani, mikono bado ina oili. “Baba yake mzazi, habari? Anadhani anamsalimia konda?”

“Mzee, usigeuke!” anadakia mwingine. “Kaza nati zako!”

Kuanzia hapo filamu imeharibika. Binti akilia, wanamcheka. Baba akimfungia mlango, wanapiga makofi. Wale watatu wa nyuma wanaandika haraka haraka. Sudha anatikisa kichwa: “Mtoto amelelewa vibaya huyu.”

Dakika ya kumi na mbili Celina anaweka karatasi chini. “Simamisha.”

Vidhi anamfuata mbio, ananong’ona: “Mama Celina, masharti.”

“Mwanangu, masharti yenu yamemuua mtoto wa watu. Rudisha mwanzo.”

Vidhi anatazama benchi la nyuma. Anatazama televisheni. Anarudisha.

Baba ameinamia injini. Binti anasimama mlangoni. Anainama. Safari hii Celina anasubiri hadi mgongo ushuke wote, ndipo anasema kwa sauti ndogo, iliyochoka na safari: “Shikamoo, baba.”

Baba hageuki. Haitikii.

Hakuna anayecheka. Unasikia nyundo za nje tu. Kila aliyelelewa pwani hii anajua uzito wa shikamoo iliyoachwa hewani, na hapa ilikaa hewani sekunde baada ya sekunde. Mazoea ya Celina ni kujaza ukimya kwa utani. Safari hii ameubana mdomo kwa kiganja.

Sudha ndiye anayeshindwa. “Itikia, wewe mzee! Mtoto kasafiri!”

“Bibi, mwache kidogo,” Ignasi anamjibu kwa upole. “Ana hasira, lakini kasikia. Angalia spana imesimama.”

Kwa saa moja na nusu kibanda kizima kinamdai mzee yule jibu. Mwishoni kabisa anamsogezea binti bakuli la wali. Karatasi ya wataalamu ina neno moja: Umekula?

Celina anavuta pumzi. “Marahaba, mwanangu. Umekula?”

Ignasi anajifuta macho kwa mkono wa oili, anajipaka weusi usoni, na hakuna anayemcheka.

Mjumbe mmoja wa kamati alimfuata mlangoni. “Hiyo marahaba umeitoa wapi? Haipo kwenye karatasi.”

“Ipo kwenye bakuli,” alijibu Celina. “Kikorea sikijui, baba. Lakini mgongo naujua. Mtu anayeinama vile hasemi habari.”

Jibu la kamati lilifika Jumatatu, kwenye simu ya Vidhi. Celina atasikika Mnazi Mmoja, Jumamosi saa mbili usiku, na karatasi aipitie mwenyewe kwanza. Filamu nyingine sita zinabaki na Kiingereza. Jina lake kwenye mabango halimo, yalishachapwa, walisema. Mabango daima huwa yameshachapwa.

Celina hakununa. Alifunga kibanda mapema, akaenda kumwambia Ignasi aoge Jumamosi na aje na mafundi wote, wakae mbele.

“Mwakani nazitaka zote saba,” anasema, akihesabu kwa vidole. “Nina wasichana wawili wa Kariakoo wenye midomo, nawafundisha kuanzia mwezi ujao. Na ya nane tutaipiga wenyewe, hapa hapa gereji, Ignasi awe baba. Tukimaliza tunaipeleka Korea. Wahangaike wao kutafuta wa kuwatafsiria.”