Ng'ombe Waliokataa Zizi

Niliondoka nyumbani Kongwa asubuhi moja, nimevaa shati moja na jingine nimelikunja kwapani. Hakuna aliyenituma wala aliyenifukuza. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa sijakaa mahali pamoja nikaona msimu wa pili wa karanga. Lori la mbao likanibeba hadi Mkonze, dereva akanishusha kwa sababu alikuwa amefika.

Pale barabarani alisimama mzee mwenye kofia ya kufuma, mkononi kopo la rangi nyekundu, anatafuta mtu wa kulibeba. Nikamwamkia, nikalichukua. Ndivyo nilivyoingia kazini.

Mzee huyo alikuwa Mkaguzi wa Majengo, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye kikohozi. Kabla ya jua kuwa kali alikuwa amenifundisha karibu kila nilichohitaji. Nyumba iliyojengwa bila kibali tunaichora alama ya X ukutani, na kazi inasimama. Nyumba iliyotandazwa nyaya vibaya nayo tunaichora, haijalishi ina vigae vya namna gani. "Usiipake kwa hasira," aliniambia. "Ukipaka kwa hasira inachuruzika, halafu wanasema halmashauri haijui hata kuandika."

Nilibeba kopo hilo miaka mingi, nikiwa kibarua wa kuandikwa upya kila mwaka wa fedha. Wakuu walikuja na kuondoka. Mhandisi wa kwanza alitaka tukague kila nyumba kabla ya kupigwa lipu, maana nyaya zikishafukiwa ukutani huoni tena kitu. Aliyemfuata alitaka tukague nyumba zilizo karibu na lami, kwa kuwa gari lilikuwa moja. Wa tatu alitaka taarifa, na taarifa tulimpa. Serikali ilipohamia Dodoma nyumba ziliota kila upande, nasi tulikuwa watu wawili wenye kopo.

Nieleze jambo moja la ufundi, kwa vijana wasiolijua. Kila nyumba yenye umeme inapaswa kuwa na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Umeme ukivuja kwenye friji au pasi, unashuka kwa waya hadi kwenye fimbo hiyo, badala ya kumpitia anayeshika. Lakini fimbo hufanya kazi iwapo tu udongo una unyevu, na udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mgumu na mkavu kama tofali la kuchoma. Mashine yetu ya kupimia ikiunganishwa hapo, mshale unagoma. Mafundi walijua. Walimwaga maji ya chumvi usiku wa kuamkia ukaguzi, sisi tunapima, tunapitisha, na wiki ya pili udongo umekauka. Ndipo Mkaguzi akajizoesha kuchukua udongo kidogo na kuuonja kwenye ncha ya ulimi. Ukiwa na chumvi, alitema mate, mimi nikafungua kopo.

Sasa nije kwa Mama Ndahani.

Alikuwa mjane wa Kigogo, pembezoni mwa Mkonze, mwenye ng'ombe wachache na nyumba mpya ya tofali aliyojenga mwanawe kando ya tembe la zamani la udongo. Mwana aliweka friza ya kuuza barafu na vinywaji. Tulikataa nyaya zao mara mbili kwa sababu ya ukavu wa ardhi. Mara ya tatu mshale ulilala vizuri ajabu. Fundi alikuwa ameihamishia fimbo zizini, ambako mkojo wa ng'ombe huweka ardhi na unyevu mwaka mzima. Mkaguzi alionja udongo wa pembeni, wa zizini akauacha. Akacheka, akasema huyu fundi ana akili, akaipitisha nyumba.

Baada ya miezi kadhaa tukapita njia ile kwenda kwingine. Mama Ndahani alikuwa amesimama nje, fimbo ya kuchungia begani, ng'ombe wake wamejikunyata chini ya miiba ya ua.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha taratibu. Ng'ombe walikuwa wamekataa zizi. Walilala nje, fisi walikuwa wameshachukua ndama. Mganga alikuwa ametaja jina la jirani, kwamba ndiye aliyewaroga. Yeye hakutaka ugomvi na jirani, kwa hiyo kesho yake angewapeleka wote mnadani.

"Wote?" Mkaguzi aliuliza.

"Nibaki na nani? Anayelala nje ni wa fisi. Afadhali ale mtu."

Mkaguzi aliingia zizini, mimi nyuma yake. Hatukusikia kitu miguuni, tulivaa viatu. Mama naye alivaa katambuga zake za tairi kila siku. Mzee aliiinamia ile fimbo ya shaba, akakohoa, akaniambia niende nikazime meni swichi.

Nilizima. Mama akamsukuma ng'ombe mkubwa, mwenye pembe moja. Ng'ombe akanusa lango, akaingia. Wengine wakamfuata hadi kwenye hori, wakanywa.

Friza ilikuwa inavuja, na umeme ulikuwa unashuka pale pale tulipousifu, ukitambaa kwenye udongo ule wenye unyevu. Miguu ya ng'ombe ya mbele na ya nyuma imeachana mbali, umeme unapita katikati. Mkaguzi alimweleza Mama hayo yote, hakuficha kwamba ni yeye aliyepitisha. Kisha akasema umeme utabaki umezimwa mpaka fimbo mpya zizamishwe nje ya ua, ndefu zaidi, na friza itengenezwe.

Mama Ndahani alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanzo ulikataa kwa sababu udongo ni mkavu," alisema. "Sasa unakataa kwa sababu umelowa. Baba, niambie ni udongo gani mnaoutaka, nikauchimbe."

Mzee alinitazama, nikafungua kopo.

Nilipaka polepole. Mwanawe alikuja akanitukana, kwamba mimi darasa la tano ndiye ninayemfungia biashara. Nilimalizia mstari wa pili, nikichunga rangi isichuruzike. Kesho yake Mama aliuza mtamba mmoja tu, wa kulipia fimbo. Ile X ilikaa ukutani mvua mbili kabla Mhandisi hajapata gari la kuja kuthibitisha kwamba kazi imefanyika.

Mkaguzi alistaafu, akarudi Kondoa na kikohozi chake. Mwaka uliofuata jina langu halikuandikwa upya. Nilirudisha kopo, likiwa na rangi iliyoganda. Vijana huniuliza kama tulisaidia. Huwa nawaambia zizi moja najua. Mengine tulipita mara moja, hatukurudi.

Majuzi niliamka, nikaondoka tena. Basi lilinishusha Chemba jua likiwa limeelemea magharibi. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mchangamfu, alisema chumba kipo, na umeme upo saa zote. Nikamwomba nione nyuma ya nyumba kwanza.

"Wenzio huanza na choo," alisema, akanipeleka.

Fimbo ya shaba ilikuwepo, imechomoza kidogo kutoka ardhini, na mbuzi amefungwa hapo kwa kamba. Alikuwa amelala, ubavu umeigusa, anacheua huku amefumba macho.

Nikaomba ufunguo.