Mtu Aliye Uchi Kwenye Kitenge cha Jubilei

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa tai. Hata katika joto la Guangzhou la mwezi wa saba, yeye na tai yake, anapanda na kushuka ngazi za maduka ya nguo ya Guangyuan Xilu huku wabeba mizigo wakimpiga vikumbo kwa marobota. Tulikuwa Wafipa wachache tunaonunua nguo kule na kuzipeleka nyumbani, na kwa kuwa yeye alitangulia kufika na ndiye mwenye sauti kubwa, tulimpa uenyekiti wa umoja wetu. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kumchagua. Nakiri mapema ili mtu asije akanicheka baadaye.

Parokia ya nyumbani ilipokaribia jubilei, kamati ikatuomba tuagize kitenge cha sare. Kwetu jubilei bila kitenge ni misa ya kawaida tu iliyochelewa kuisha. Mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa amewekwa safu ya mbele kwenye maandamano ya sadaka, na alishanipigia simu mara tatu kuuliza rangi. Mwenyekiti akajitwisha kazi ya kusimamia mchoro.

Siku ya kuona sampuli tulikwenda watu watatu: yeye, mimi, na dada mmoja Mkongo, mzaliwa wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu, ambaye alijua Kichina kutuzidi wote na ndiye aliyetupatia hilo duka. Laobanniang, mama mwenye duka, akatandaza kitambaa kwenye kaunta.

Kushoto, kwenye weusi, alisimama mtu aliye uchi, mkuki mkononi, macho yamemtoka. Katikati kulishuka mwanga. Kulia, kwenye njano, mtu yuleyule amevaa suti na ameshika Biblia, na chini yake maandishi: TUMETOKA GIZANI. Huyo wa suti alikuwa na kitambi ninachokijua na tai ninayoijua. Mwenyekiti alikuwa amempa mchoraji picha yake mwenyewe, aliyopigwa kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, na mchoraji wa watu hakuacha kitu: hata kitambulisho cha mnunuzi kilining'inia shingoni, karibu kabisa na Biblia.

Laobanniang alimtazama wa kushoto, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, dada Mkongo akitafsiri, kama kwetu bado wako hivyo. Mwenyekiti akacheka. Akasema hapana, hiyo ni zamani, kabla ya Wazungu kutufikia. Alisema kwa raha zake zote, utadhani anamwonyesha mgeni nyumba aliyoijenga.

Nikasema palepale kwamba mtu huyo avalishwe. Babu wa mama yangu alikuwa mfumaji. Ufipa walilima pamba, wakasokota nyuzi, wakafuma shuka nzito kwenye mtambo wa vigingi vilivyopigiliwa ardhini, na walikuwa wakifanya hivyo kabla Mzungu yeyote hajakanyaga pale. Sisi tunaopanda ndege kwenda kununua nguo kwa watu ndio tumchore mfumaji uchi? Na mama yangu amvae babu yake hivyo mbele ya altare? Mwenyekiti akajibu kwamba kiwanda kinaanza kuchapa Jumatatu, kwa hiyo kama nina hoja niilete kwenye kikao cha Jumapili, na nije na ushahidi.

Kikao kilifanyika sebuleni kwake baada ya sala. Akafungua kwa hotuba. Babu zetu walilala na mbuzi, walivaa ngozi, hawakujua gurudumu wala kalenda, na kama wasingefikiwa tungekuwa porini mpaka leo. Elimu yote ya mtu huyu juu ya mambo ya kale ilikuwa kitabu cha darasa la nne, nacho alikisoma kwa kurukaruka, lakini alisema kama aliyekuwepo. Debe tupu haliachi kuvuma. Kilichoniudhi zaidi ni wenzangu: watu wazima, wenye maduka yao, wanachekelea babu zao wakitukanwa kwa sababu chai ya mwenye nyumba ina maziwa.

Nikapandwa na jazba, na nikipandwa na jazba huwa naongeza chumvi. Nikasema kabla ya Wazungu kwetu hakukuwa na njaa wala vita, wala mtu kumwonea mwenzake. Tulifua chuma, tulifuma nguo, tuliishi kama malaika. Dada Mkongo, aliyealikwa kutueleza habari za kiwanda na aliyekuwa ameinamia simu yake muda wote, akainua kichwa.

"Dada, tusidanganyane," akasema. "Zile shuka zenu kwetu wanazijua. Nyanya ya nyanya yangu alichukuliwa kwa shuka mbili. Voilà."

Akarudi kwenye simu yake. Mimi uso uliniwaka. Katika sebule nzima shahidi wangu alikuwa mmoja tu, na shuka yenyewe aliijua kwa kuwa mtu wao aliuzwa kwayo.

Mwenyekiti alihama hoja bila hata kufunga mizigo. Dakika moja nyuma babu zetu hawakuwa na nguo. Sasa walikuwa nazo na walinunua watu kwazo, kwa hiyo ni washenzi vilevile na picha ibaki. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya mahakimu, hiyo shuka ya babu iko wapi tuione.

Nikasema iko kwenye sanduku la mama. Nilikua nikisikia habari za shuka hiyo tangu sijaanza shule. Kwamba sijawahi kuiona kwa macho yangu, siku ile halikunijia kabisa. Nikampigia mama simu ya picha mbele yao wote, nikaegemeza simu kwenye birika la chai, nikamwomba afungue sanduku awaonyeshe watu shuka ya babu.

Mama hakuinuka. Alikuwa jikoni anachambua mboga, akaendelea kuchambua.

"Hao watu wako wananisikia?" akauliza. Nikamwambia wanamsikia. "Basi na wasikie. Shuka niliichana mimi. Nilikuwa msichana wa kipaimara, tukaambiwa vitu vya kipagani visikae ndani ya nyumba. Nikaifanya tambara la kufutia miguu mlangoni. Babu hakusema neno. Ila kila akiingia alikuwa akiiruka. Hakuikanyaga mpaka anakufa."

Mwenyekiti akacheka, akawaambia wenzangu, mmeona, wenyewe waliitupa. Mama akasogeza uso kwenye simu, akauliza anayecheka ni nani. Nikamwambia ndiye mwenyekiti wetu, ndiye aliyechorwa na suti kwenye kitenge. Akasema haya, akakata.

Walipiga kura, nikashindwa. Jumatatu nilikwenda peke yangu kumbembeleza laobanniang amfunge yule mtu japo kitambaa kiunoni. Akatikisa kichwa: bu xing, haiwezekani. Kumbe vibao vya kuchapia vilikuwa vimeshachongwa tangu wiki iliyotangulia, kwa amri ya mwenyekiti, na kikao chote kilikuwa cha kutunywesha chai. Mtu wa kufunga tai shingoni, na uongo mdogo kama huo unamshinda kuuacha! Nililia njia nzima nikirudi, na sikulilia kura ila shuka ile pale mlangoni.

Marobota yakasafiri. Sasa, kila anayeshona kitenge cha picha anajua swali la kwanza la fundi: uso nikuwekee wapi? Askofu hawekwi makalioni, wala rais. Akina mama wa parokia walimweka mwenye suti kifuani, na yule wa uchi wakamficha kwenye mishono, apotee.

Picha za jubilei zilinifikia kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya metro. Mama alikuwa safu ya mbele, ameshika kikapu cha matunda, amenyooka. Katikati ya kifua chake alisimama mtu wa mkuki, mzima, hakukatwa hata kidole. Kiunoni mwa mtu huyo mama alikuwa amemshonea kwa mkono kipande cha pamba nyeupe, kikamfunika mpaka magotini. Picha ya pili mtu aliipiga kutoka nyuma. Niliitazama, nikatoka kwenye foleni ili nicheke vizuri.

Nikampigia. Nikamuuliza watu wamesemaje.

"Paroko aliniuliza huyu wa kifuani ni nani," mama akasema. "Nikamwambia ni babu yangu, mfumaji."

"Na huyu wa nyuma?"

"Huyo hakuna aliyemuona," akasema. "Nilimkalia misa nzima."