Pete ya Mama Niliyoipima Mara Nne

Mama alipofariki, dada yangu Zuhura alirithi pete yake, nami nikapata sinia la shaba. Mimi nauza vyombo vya kale hapa Amu na sijawahi kupokea fungu bila kulihesabu mara mbili. Nikadhani pete ni ya fedha, nikashuku nimepunjwa. Nikamwomba Zuhura pete eti nikaing'arishe, naye akaivua kidoleni bila swali.

Nikaipeleka kwa mtafiti mmoja kutoka bara, mwenye mashine ya leza iliyo kama drili. Mwali wake hung'oa kachembe ka madini na kukageuza cheche, kisha mashine husoma mwanga wa cheche hiyo na kusema kilichomo.

"Shaba na zinki," akasema. "Fedha hamna."

"Rudia, Bi. Bei ya kwanza si bei."

"Bwana, kila pigo huacha alama."

"Alama ya cheche? Wewe piga!"

Akapiga tena mpaka zikatimia mara nne, na jibu halikubadilika. Nikarudi nyumbani nimefurahi, mpumbavu mimi, kwamba sikupunjwa.

Nilipomrudishia, Zuhura aliigeuza pete penye mwanga wa dirisha. Vidoa vinne vyeusi vilikuwa vimekaa juu ya jina la mama, lililochorwa kwa herufi nyembamba.

"Imefanywa nini hii?"

Nilitafuta uongo, mimi ninayeishi kwa maneno, nikakosa hata mmoja. Nikamweleza yote.

"Ungeniuliza, ndugu yangu," akasema. "Mama mwenyewe alinambia si fedha. Mimi nilitaka jina lake."