Mkono Uliozungusha Kamba

Shemeji yangu ni fundi wa kompyuta. Watu humwita Miwani kwa sababu huvaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso, na ile ya juu huitafuta kutwa nzima. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tunagawana chumba kimoja cha kazi: upande wa dirisha ni wangu na cherehani yangu, upande wa ndani ni wake. Katikati kuna pazia nililolishona mwenyewe nisiione takataka yake. Pazia lenyewe liko wazi siku zote, maana nisipobishana naye siku haiishi.

Tangu ujana wake hajui kutupa kitu. Alianza na redio, akaja kwenye mashine za kupigia chapa, na kompyuta zilipoingia akazifuata kama mbuzi anavyofuata majani. Rafu zake zimejaa kompyuta za kale, zile nene, za rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

"Hizi hazijafa, shemeji," huniambia. "Zimelala."

"Basi ziamshe, zifagie."

Jambo analojivunia kuliko yote ni hili: huchukua kompyuta mpya, akaiwekea programu ya kuifanya ijidai ni ya zamani. Inajidai kweli. Inawaka kwa kusuasua, inaguna, inaandika maneno meupe juu ya weusi kama ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Namwambia, wenzako wanapaka nywele rangi wapate ujana, wewe unaipaka kompyuta mvi. Hucheka, akaendelea kuipaka.

Basi asubuhi moja ya manyunyu akaingia Mama Chapa. Aliitwa hivyo kwa sababu alipiga chapa katika ofisi moja mpaka akastaafu, na vidole vyake mpaka leo havitulii, hugongagonga meza kana kwamba kuna barua inasubiri. Alitoa kwenye mkoba leso, ndani ya leso bahasha, ndani ya bahasha diski.

"Mwanangu," akamwambia Miwani, "nimeambiwa wewe unafungua vilivyowashinda wengine."

Akatueleza. Zamani ofisini kwao ililetwa kompyuta ya kwanza iliyoweza kunasa picha zinazotembea. Mtu aliyeileta akataka kumwonyesha bosi maajabu yake, akaenda uani na kamera. Huko alikuwapo binti wa Mama Chapa, wa miaka tisa, ametoka shule anamsubiri mama yake, anaruka kamba. Ncha moja wameifunga kwenye bomba la maji, nyingine anazungusha mama mtu. Zikanaswa sekunde chache, zikawekwa kwenye diski hiyo. Watu wakatazama mara moja, wakacheka, wakarudi kazini. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mtoto kwa siku tatu.

"Sura yake ninayo, picha za karatasi zipo," akasema. "Sauti ndiyo imenitoka. Halafu mwishoni pale kuna neno aliniambia. Nililisikia siku ile moja, kwenye kelele za watu, sikulishika. Ningejua, ningelishika kwa meno. Na sasa masikio ndiyo haya. Daktari kaniambia la kushoto limeshafunga duka, la kulia linakusanya viti."

Nikaacha kukanyaga cherehani.

Miwani akaigeuzageuza ile diski kwenye mwanga wa dirisha langu, akainakili kwanza, maana ilikuwa imeanza kubanduka pembeni. Ila picha hiyo haikukubali kufunguka kwenye programu nyingine yoyote isipokuwa yake yenyewe, na programu hiyo haikukubali kompyuta nyingine isipokuwa za wakati wake. Akaamsha wazee wawili rafuni. Mmoja hakuitika. Wa pili aliitika kwa moshi. Ikabaki ile mpya ya kujidai.

Adhuhuri picha ikafunguka, ndogo kama bahasha ya barua. Uani, bomba, msichana mwenye gauni la buluu. Akainama kidogo, akaruka.

Akabaki hewani.

Wallahi alibaki. Miguu ameibana pamoja, nywele zimeinuka, kamba imesimama juu ya kichwa chake kama upinde, haiteremki. Kisha kwa taratibu kama unyoya akaanza kushuka, na kwenye spika ikatoka sauti nzito, ndefu, kama ng'ombe anayelia kisimani: "Mmmmoooo..." Ilikuwa ni "moja". Alikuwa anahesabu.

Mama Chapa aliitazama picha hiyo mpaka ikaganda kabisa. Kisha akasema polepole, "Huyu si mwanangu. Mwanangu hakukaa hewani. Hakukaa hata kitini."

"Imekosa kasi tu, mama," akasema Miwani. "Nipe siku mbili. Subira huvuta heri."

"Kwa kamba hiyo?" nikamwambia. "Heri yenyewe itafika imeota mvi."

Siku mbili akaipa kasi. Kuna vitufe viwili: kimoja huiongezea ile kompyuta ya kujidai mbio, cha pili huipunguzia. Yeye kidole chake kilikuwa kwenye cha kuongeza tu, tap, tap, tap, kama kuku anadonoa. Na kadiri alivyoongeza ndivyo mtoto alivyozidi kukawia angani. Miwani akang'ang'ania. Ni mtu wa kujivuna kwa ufundi wake, na mwanamume akishaahidi mbele ya shemeji yake, hata ukuta ataupiga kichwa.

Mimi nilikuwa na magauni ya harusi sita ya kumaliza, lakini nikwambie ukweli, siku hizo mbili sikujua nashona au naota. Manyunyu hayakukatika. Sauti ile ndefu ilijaa chumbani kama maji, ikapanda mpaka kwenye dari. Nikitazama nje, wapita njia nao walikuwa kama wanakawia, mwenye mwavuli anainua mguu, hauteremshi. Sindano ilishuka kwenye kitambaa cheupe kama inayofikiria kwanza. Na nikigeuka, yule msichana yuko pale pale juu ya bega la shemeji yangu, mwenye gauni la buluu, hajagusa chini. Nilianza kumwonea huruma. Nilitaka mtu amshushe.

Siku ya tatu, saa za alasiri, Mama Chapa akarudi. Akakaa kwenye kiti changu cha wateja, vidole vikigonga goti. Miwani akaonyesha. Mtoto akaruka, akaning'inia.

"Nimeipa kasi yote iliyopo duniani, mama," akasema kwa unyonge. "Sina nyingine."

Nikashindwa kujizuia. "Shemeji, mimi nikipita kwenye kitambaa kizito, nikikanyaga kwa nguvu zangu zote, uzi hukatika na sindano hurukaruka pale pale. Umewahi kuipunguzia?"

"Nipunguze kasi ili iende kasi?"

"Mimi najua nini? Mimi ni mshona magauni."

Akaitazama kompyuta. "Ngoja," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Imebeba wawili. Inajibeba yenyewe, na inambeba mzee ambaye inajidai ndiye yeye. Na mimi kila nikibonyeza nambebesha mzee mzigo mpya. Huyu wa chini ndiye anayelemewa."

"Kumbe."

"Ni kumpunguzia. Lakini nipunguze mpaka wapi? Nikizidisha kupunguza, itajikokota tena. Pana mahali hapo katikati ndipo penyewe, na mimi sipajui. Nani anajua kamba ya mtoto yule ilikwenda mbio kiasi gani?"

Manyunyu yaligusa kioo.

Mama Chapa akainuka. Akavua mtandio akauweka kwenye magauni yangu ya harusi, nikauacha. Akasogea mpaka mbele ya kioo cha kompyuta, akanyoosha kidole pembeni kabisa mwa picha, mahali ambapo hatukuwa tumepatazama kwa siku zote tatu. Palikuwa na mkono wa mtu mzima umeshika kamba, wenye saa nyembamba. Kisha akainua mkono wake mwenyewe. Saa ilikuwa ile ile.

"Mkono huu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha."

Akaanza kuzungusha hewa. Hakutazama picha. Alifumba macho, bega likaingia kwenye mwendo wake, kiwiko kikalegea, na mkono ukaenda bila kuulizwa, kama vidole vyake vinavyojua herufi zilipo. Fyu, fyu, fyu. Miwani akahamia kitufe cha pili. Tap. Mtoto akatikisika hewani. Tap, tap. Akashuka. Akagusa chini! Akaruka tena. Sauti ya ng'ombe ikapanda, ikawa ya mwanamume, ikawa ya mwanamke, tap, mkono wa pichani ukaukaribia mkono wa chumbani, ukaupita kidogo.

"Umemzidi, rudisha moja," nikasema.

Tap.

Mikono miwili ikazunguka pamoja.

"...kumi na mbili, kumi na tatu," ikasema sauti nyembamba, kali, yenye pengo la jino. Mama Chapa akafumbua macho, akageuza sikio lake la kulia. "Kumi na nne, kumi na ta..." Kamba ikanasa kifundoni. Msichana akapepesuka, akaitazama kamera kana kwamba ndiyo iliyomwangusha, kisha akamgeukia mtu wa pembeni, akapiga mguu chini:

"Hiyo haihesabiki, mama! Tena!"

Kioo kikawa cheusi.

Nilishika leso tayari, nikidhani nitafuta machozi ya mtu. Mama Chapa akaangua kicheko, kicheko cha msichana kabisa, mpaka akashika meza.

"Mwizi!" akasema. "Mwizi wa hesabu huyu! Kila siku haihesabiki, kila siku tena, chai inapoa, bosi ananiita, yeye tena!" Akapangusa mashavu kwa kiganja. "Na mimi miaka yote hii najiambia labda alikuwa ananiaga."

Miwani alikuwa anapapasa meza, anainua karatasi, anatafuta miwani. Zote mbili zilikuwa usoni kwake, moja machoni, nyingine juu, na ile ya machoni ilikuwa imelowa. Siku nyingine ningemsema. Nikamwacha atafute.

"Haya, mwanangu," akasema Mama Chapa, na mkono ulikuwa umeshapanda juu, umeshika ncha ya kamba. "Umemsikia. Tena."